Gari ina funguo moja tu? Tengeneza ya pili wakati hiyo moja bado unayo

Gari nyingi tunazoshusha bandarini kutoka Japani zinakuja na funguo moja. Ukiuliza ya pili iko wapi unaambiwa ndo ilivyokuja, na wengi tunakubali, tunalipa kodi, tunafunga namba, tunaendesha mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka siku ile funguo inapotea ndo mtu anagundua kwamba kuongeza funguo na kutengeneza funguo wakati hamna hata moja ni kazi mbili tofauti kabisa. Tofauti kwa bei, tofauti kwa muda, na tofauti kwa jinsi gari yako itakavyofunguliwa ndani. Nimeona niandike hii kwa urefu kidogo sababu watu wanaumizwa sana hapa na mafundi wasio waaminifu, na wanaumizwa kwa kitu ambacho ukishakielewa sio kigumu.

Mjomba wangu ana Toyota Premio, zile za kuwasha kwa kubonyeza kitufe. Alienda Kariakoo na shangazi kununua vitu vya shughuli, gari akapaki pembeni ya Msimbazi, kurudi na mizigo anapapasa mfukoni hamna kitu. Wamerudi maduka yote waliyopita, wameuliza, hamna. Gari imelala na mlango umefungwa, mizigo iko chini, jua la saa nane linawaka na pale parking inaendelea kuhesabu. Akanipigia simu kwa sababu mimi ndo napenda haya mambo ya umeme wa magari, nikamwambia mjomba usimruhusu mtu yeyote aguse kioo, nakuja.

Nafika nakuta jamaa kashajitokeza na ushauri. Anasema mzee hiyo ndogo, tunafungua mlango na waya, tunavunja loki ya stelingi, tunapiga dairekti unaondoka nayo. Jamani, kwa gari ya kizamani hiyo kauli ina ukweli ndani yake, lakini kwa Premio ya kitufe ni uharibifu mtupu. Utavunja stelingi, utakata waya, na injini haitawaka kwa sababu kinachoizuia sio chuma, ni kompyuta. Alafu ukimaliza unabaki na gari ambayo haina loki ya stelingi na waya zimening'inia chini ya dashibodi, na bado huna funguo.

Tukamtafuta fundi wa funguo kweli, kijana mtaratibu sana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba kadi ya gari na kitambulisho. Mjomba akaanza kukereka, mwanangu unanidai kadi na unaona gari yangu, kijana akamjibu kwa heshima, "Shikamoo mzee wangu, nikikufungulia wewe bila kuangalia kadi, kesho nitamfungulia mwingine gari yako." Mi nikampenda hapohapo. Fundi asiyeuliza gari ni ya nani mkimbie, hata kama bei yake ni nusu.

Kazi yenyewe nimeiangalia mwanzo mwisho. Akachukua kifaa kimoja bapa chembamba kina vimistari vya kupimia, akakiingiza kwenye tundu la mlango wa dereva na kuanza kugusa kijimkono chake polepole, kila pini ya loki anaisikilizia iko kwenye kina gani, anaandika namba kwenye karatasi. Bila kutoboa wala kuchana raba ya mlango. Alipopata namba zote mlango ulikuwa umeshafunguka, na zile namba ndo mashine yake ndogo ikazitumia kukata chuma kipya, maana ndani ya zile rimoti za kubonyeza kuna kijifunguo cha chuma kimejificha, ukibonyeza kitufe cha pembeni kinachomoka. Wengi hawajui kama wanacho. Ndo hicho kinafungua mlango betri ya rimoti au ya gari ikifa.

Alafu ndo ikaja sehemu ya kompyuta. Akachomeka mashine kwenye ile soketi ya chini ya dashibodi upande wa dereva, na kwenye skrini kulikuwa na njia mbili, moja ya kuongeza funguo na nyingine ya pale funguo zote zimepotea. Hapa ndo kiini cha maneno yangu yote. Njia ya kwanza inahitaji funguo moja inayofanya kazi, unaileta kwenye gari, kompyuta inaitambua, inakubali kufungua daftari lake na kumwandika mgeni, dakika chache mmemaliza. Njia ya pili gari haimjui mtu yeyote aliyepo pale, kwa hiyo lazima ulazimishe, ufute daftari lote uanze upya, na Toyota nyingi zikilazimishwa hivyo zinakusubirisha dakika 16 huku taa ya ulinzi inawaka kwenye dashi na huruhusiwi kugusa kitu. Huo ucheleweshaji umewekwa makusudi, ili anayefanya hivyo kwa wizi alazimike kukaa ndani ya gari ya watu muda wote huo. Zikiisha, fundi anaisogeza rimoti mpya mpaka inagusana na kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ndo unaangalia kitufe, gari inalia pii, imemkubali. Na kuna gari nyingine mashine haiwezi kabisa kupitia soketi, inabidi fundi afungue dashibodi, atoe kontroboksi, yaani kompyuta yenyewe ya gari, aisome ile memori ndogo kwenye bodi, aiandike upya, airudishe. Mkono ukitetemeka pale kwenye kuchomelea umeua kontroboksi. Sasa fikiria yote hayo yangeepukwa na funguo ya pili iliyotengenezwa kwa utulivu siku gari inatoka bandarini.

Nieleze sasa hii imobilaiza, yaani ule ulinzi wa kompyuta unaozuia injini kuwaka bila funguo sahihi, inafanyaje, maana nasikia watu wanasema "funguo ina sensa" na kuishia hapo. Kwenye funguo ya kuchomeka, ndani ya ile plastiki ya kichwa kuna chipu ndogo, nyingine ni kama kipande cha mkaa wa penseli, nyingine imefungwa kwenye kioo. Haina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili, yaani waya uliozungushwa mduara, umewasha swichi ile koili inatoa mawimbi ya masafa ya chini, kilohezi 125 au 134 hivi, na mawimbi hayohayo ndo yanaipa chipu umeme wa kuamka. Kwenye chipu za zamani kabisa inataja namba yake tu basi. Kwenye zilizofuata, kompyuta inarusha namba mpya ya kubahatisha kila ukiwasha, chipu inaikoroga na siri iliyo ndani yake na kurudisha jibu, kompyuta nayo inafanya hesabu hiyohiyo upande wake. Majibu yakilingana, inaruhusu mafuta na moto kwenye plagi. Yasipolingana, kwenye Toyota nyingi za kuchomeka stata itazunguka vizuri kabisa lakini injini haishiki, au inashika sekunde moja inazima. Watu wanabadilisha pampu ya mafuta hapo! Kabla hujanunua pampu angalia taa nyekundu ya ulinzi kwenye dashi, ile yenye alama ya funguo au gari na kufuli. Gari ikiwa imezimwa inatakiwa ipepese, ukiweka funguo sahihi izime. Kama funguo iko ndani na bado inapepesa, gari haijakutambua.

Na sio kila gari inayo. Japani hawakuwa na sheria ya kulazimisha imobilaiza kwenye kila gari, kwa hiyo Vitz na IST nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zimekuja bila chipu kabisa, inategemea gredi. Kama yako ni hiyo, kopi inakatwa na fundi wa barabarani wakati unakunywa soda, na usikubali mtu akuchaji hela ya "programu". Lakini kumbuka pia kwamba kama wewe unaweza kukata kopi kirahisi hivyo na mwizi anaweza, weka swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta mahali ambapo hata fundi wako wa kawaida hajui.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni rimoti na chipu. Hivi ni vitu viwili vinavyokaa nyumba moja. Rimoti ndo ile ya kufungua milango kwa mbali, hiyo ina betri na inatumia masafa yake mengine ya juu. Betri ikiisha milango haifunguki kwa kitufe lakini gari inawaka kama kawaida kwa sababu chipu haitegemei betri. Hata zile za kubonyeza, betri ikifa fungua mlango kwa kile chuma, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, bonyeza. Itawaka. Ninamjua mama mmoja aliyetakiwa kulipia funguo mpya nzima wakati tatizo lilikuwa betri ya duara ya shilingi elfu chache.

Na ukinunua rimoti mtandaoni kuwa makini na masafa. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida zinatumia megahezi 312 au 314, za Ulaya ni 433. Zinafanana umbo, vitufe, mpaka nembo, lakini ya 433 haitaongea na Premio yako hata ukiipandisha juu ya boneti. Mwambie fundi afungue ya zamani kama ipo asome namba kwenye bodi ndani kabla hujaagiza chochote.

Haya mambo ya chipu yana historia yake. General Motors ndo walitangulia na wazo mwaka 1986 kwenye Corvette, walibandika kipande kidogo cha rezista kwenye funguo, gari inapima ukinzani wake, thamani zilikuwa 15 tu, kwa hiyo mwizi mwenye seti ya 15 alikuwa anajaribu moja moja. Chipu za kuongea kwa mawimbi zilikuja miaka ya 90 kwa sababu wizi Ulaya ulikuwa umezidi. Umoja wa Ulaya ukalazimisha imobilaiza kwa gari mpya 1998, Canada 2007. Marekani hawakulazimisha, na hapo ndo kuna somo ambalo mimi linanigusa. Kampuni za Hyundai na Kia ziliuza kule mamilioni ya gari za kuchomeka funguo bila imobilaiza, vijana wakaja kugundua kwamba ukivunja plastiki ya chini ya stelingi unaizungusha swichi kwa kichwa cha waya wa USB, wakaanza kurekodi video TikTok. Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikasema challenji hiyo imehusishwa na ajali zisizopungua 14 na vifo vya watu 8, na kampuni zikatoa programu mpya kwa gari karibu milioni 8.3. Chipu ndogo tu ingezuia yote hayo. Kwa hiyo fundi akikwambia "tutoe hii imobilaiza inasumbua, gari itawaka na funguo yoyote", anakuomba uirudishe gari yako kwenye kundi hilo. Kataa. Mwambie arekebishe koili au asajili funguo upya.

Sidanganyi kwamba chipu hazivunjwi. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na maabara ya RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, walivunja chipu ya Texas Instruments iliyokuwa kwenye mamilioni ya gari, siri yake ilikuwa na biti 40 tu, yaani uwezekano kama trilioni 1.1, ukisikia ni nyingi lakini kwa kompyuta ya kazi hiyo ni ndogo. Ikaja toleo la biti 80, na 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya KU Leuven cha Ubelgiji na Birmingham cha Uingereza wakaonyesha kwamba tatizo sio chipu tena bali watengenezaji walivyoitumia. Kwenye baadhi ya Toyota ile siri ilikuwa inatokana na namba ya chipu yenyewe, na hiyo namba chipu inamtajia yeyote anayeiuliza kwa karibu. Kwenye orodha yao kulikuwa na Hilux, Hiace na Land Cruiser za miaka fulani, magari ambayo huku yamejaa. Cha kushukuru ni kwamba mtu lazima aikaribie funguo yako sana, sentimita chache tu. Kwa hiyo ile tabia ya kuacha funguo mezani baa, au kumpa muosha magari funguo na kwenda kula chipsi mtaa wa pili, iache.

Za kubonyeza zina ugonjwa wake wenyewe. Gari inatafuta rimoti iliyo karibu, sasa wezi wawili wanakuja, mmoja anasimama na kifaa karibu na dirisha lako ambako funguo imening'inia, mwingine yuko kwenye mlango wa gari, vifaa vyao vinarefusha mawimbi mpaka gari inaamini funguo iko mlangoni. Hakuna kioo kilichovunjika wala kengele iliyolia. Chama cha magari cha Ujerumani, ADAC, kimekuwa kinapima gari kwa njia hii kwa miaka mingi na kubwa kubwa zimeanguka. Dawa yake ni rahisi, tafuta kopo la bati lenye mfuniko, weka rimoti, funga, sogea na kopo mpaka kwenye mlango wa gari ujaribu kufungua. Ikifunguka kopo halifai, tafuta jingine. Usilitupe kopo la maziwa ya unga, linafanya kazi vizuri likifungwa sawasawa.

Turudi kwenye kupotea, maana kuna jambo moja watu wanalisahau wakishapata funguo mpya. Ile iliyopotea bado iko mahali. Ya mjomba ilidondoka Kariakoo, mita chache kutoka gari ilipopaki, na kwenye cheni kulikuwa na funguo za nyumbani. Aliyeiokota angeweza kubonyeza na kuona taa zinawaka wapi. Kwa hiyo mwambie fundi waziwazi kwamba ile ya zamani ifutwe, na ukiwa na funguo nyingine nyumbani ileteni ziandikwe upya zote kwa pamoja, zile zisizokuwepo pale zinakufa. Lakini hapa kuna mtego wa kopi. Baadhi ya mafundi hawasajili, wanakloni, yaani wanachukua chipu tupu na kuifanya pacha wa ile uliyonayo. Ni rahisi na ni haraka na gari inawaka, ila kwa kompyuta ya gari hao wawili ni mtu mmoja. Siku ukipoteza pacha mmoja huwezi kumfuta bila kumuua na mwenzake. Kwa Hiace ya biashara yenye madereva wanaobadilishana mimi singekubali kloni hata kwa bei ya kutupwa. Uliza kabla hajaanza, unasajili au unakloni, na akisema ni kitu kimoja tafuta mwingine. Kufuta nako hakugusi loki, chuma cha zamani bado kinafungua mlango, kwa hiyo usiache laptopu ndani, na kama una wasiwasi badilisha silinda ya mlango.

Chukua losi ripoti ya polisi hata kama unaona usumbufu, bima wataihitaji gari ikija kuibiwa bila kuvunjwa. Na kama funguo zako zilikuja na kile kibati kidogo chenye namba, usikitembeze kwenye cheni. Ile namba ndo ramani ya meno ya funguo, fundi akiwa nayo anakata chuma bila hata kuliona gari. Kipige picha, kiweke na kadi ya gari ndani.

Kwa anayenunua gari ya mkononi, peleka kwa fundi mwenye mashine kabla ya kulipa yote, kwenye gari nyingi mashine inaonyesha funguo ngapi zimesajiliwa. Kama ndo kwanza imetoka Japani inawezekana ya pili ilibaki kule, futa tu uendelee na maisha. Lakini kama gari imetembea mjini hapa miaka kadhaa, inasoma mbili na wewe umepewa moja, muulize muuzaji nyingine iko kwa nani kabla hujammalizia hela yake.